Matunzo ya Mitambo ya Kilimo ni Somo la Sayansi

Msafiri apitaye vijijini hakosi kuliona trekta lililolala nyuma ya ghala, chini ya mwembe, magurudumu yamezama udongoni na majani yameota kati ya ekseli na plau. Kuku wametaga mahali palipokuwa na betri. Akiuliza habari za trekta hilo, jawabu atakalopewa ni fupi: halina vipuri. Jawabu hilo limezoeleka mno, hata hakuna mtu aulizaye swali ambalo lingepaswa kufuata, yaani kipuri cha kwanza kuharibika kiliharibika kwa sababu gani.

Makala haya yanashikilia kwamba uhaba wa vipuri, ijapokuwa ni wa kweli na ni mzito, mara nyingi si chanzo cha maradhi bali ni mahali maradhi yanapoonekana. Mtambo wa kilimo huanza kufa siku nyingi kabla ya fundi kuitwa. Kifo hicho hutokana na mambo yanayoelezeka kwa fizikia na kemia ya shule ya sekondari: vumbi, maji, joto, msuguano, na nguvu iliyoelekezwa pasipo pake. Kwa sababu hiyo matunzo ya mitambo hayapaswi kuachwa nje ya darasa, yakahesabiwa kuwa kazi ya mtu mwenye mikono michafu ambaye hakufaulu mtihani. Dharau hiyo imekula fedha nyingi za mkulima na za taifa.

Mfano mkubwa uko katika historia ya Tanganyika yenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na mwaka 1947 ikaanzisha mpango mkubwa wa kulima karanga huko Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Katika mwaka wa kwanza zilikusudiwa kulimwa ekari 150,000. Viwanda vya matrekta havikuweza kutoa mashine kwa haraka iliyotakiwa, hivyo zikanunuliwa zilizobaki vitani, nyingi kutoka Ufilipino, ambako zilikuwa zimeachwa bila matunzo. Zilipofika, zilipewa madereva waliofunzwa kwa muda mfupi mno, zikaingizwa katika pori la miiba, na juu ya ardhi ambayo sifa zake hazikuwa zimepimwa vya kutosha. Kabla ya mwaka huo wa 1947 kwisha, yapata theluthi mbili ya matrekta yale yalikuwa hayafanyi kazi.

Haifai kudai kwamba matrekta peke yake ndiyo yaliyouangusha mpango ule. Mvua za Kongwa hazikuwa za kutegemewa, na udongo wake wa mfinyanzi ulikauka wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama tofali. Lakini udongo huo ulikuwa pia na chembe nyingi za kwazi, yaani madini yaliyo ndani ya mchanga mweupe. Wataalamu wa madini hupima ugumu kwa kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1, ambao ni ugumu wa talka, hadi 10, ambao ni wa almasi. Kwazi imo katika 7. Chuma cha kawaida kimo baina ya 4 na 5. Kwa hiyo kila plau iliyozama katika ardhi ya Kongwa ilikuwa kama iliyosuguliwa kwa tupa mchana kutwa, na zana za kung'olea karanga zililika vivyo hivyo. Mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye kipande cha jiwe na msumari angeweza kuutabiri uchakavu huo. Serikali ya Uingereza iliuacha mpango huo mwezi Januari 1951, na hasara yake ilifikia takriban pauni milioni 36 za wakati ule.

Kongwa inastahili kukumbukwa shuleni kwa jambo jingine pia. Kwa kuwa matrekta mazito hayakutosha, vifaru vya vita vya aina ya Sherman viligeuzwa huko Uingereza kuwa mashine za kuvutia, vikaitwa Shervick. Wazo hilo huvutia mtu alisikiapo: chombo cha vita kikawa jembe. Hata hivyo kifaru huundwa ili kibebe uzito wake chenyewe kwa kasi. Trekta huundwa ili livute mzigo mzito polepole, kwa muda mrefu, bila kupumzika. Injini, giaboksi na minyororo ya kukanyagia hupokea mateso ya namna mbili tofauti katika kazi hizo. Jambo la kugeuza mtambo ufanye kazi usiyoundiwa litarudiwa baadaye, maana ndilo linalogharimu viungo na maisha ya watu.

Kwanza yatazamwe mavumbi, kwa kuwa Kongwa haikuwa peke yake. Kila shamba la Afrika ya Mashariki lilimwapo wakati wa kiangazi hutoa vumbi lenye kwazi, na trekta hulivuta. Chukua trekta la Massey Ferguson 135, lililoanza kuuzwa katika miaka ya 1960 na ambalo bado laonekana katika mashamba mengi. Injini yake ya dizeli ina silinda tatu, zenye ujazo wa jumla wa lita 2.5. Katika injini ya mipigo minne, kila silinda huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo kila mzunguko mmoja wa mtaimbo wa injini huvuta lita 1.25. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, hesabu huwa lita 2,500 kwa dakika, au mita za ujazo 150 kwa saa. Silinda hazijai kikamilifu, hivyo ikichukuliwa asilimia 80 tu, hubaki mita za ujazo 120 kwa saa. Katika siku ya kazi ya saa nane trekta huvuta mita za ujazo 960. Chumba cha darasa chenye urefu wa mita 8, upana wa mita 7 na kimo cha mita 3 kina mita za ujazo 168. Maana yake ni kwamba trekta moja, kwa siku moja, hupumua hewa ya madarasa karibu sita.

Na hewa ya wapi? Si ya darasani, bali ile iliyo juu ya haro ipitayo katika ardhi kavu, ambapo dereva mwenyewe amejifunga kitambaa puani. Ikichukuliwa kwamba kila mita ya ujazo ya hewa hiyo ina nusu gramu ya vumbi, basi kwa siku karibu nusu kilo ya kwazi na udongo hubisha hodi katika mlango wa injini. Ndani ya mlango huo mna pistoni na ringi zitembeazo juu na chini ndani ya silinda, zikitenganishwa na ukuta wake kwa utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Chembe moja ngumu ikiingia katika utando huo hukwaruza pande zote mbili. Chembe milioni moja huipanua silinda, huzilegeza ringi, oili hupanda ikaungua, moshi huwa wa buluu, nguvu hupungua, na hatimaye asubuhi moja injini hukataa kuwaka. Hapo ndipo husemwa kwamba hakuna ringi madukani.

Kinga dhidi ya maangamizi hayo ni bakuli la oili lililofungwa chini ya chujio la hewa. Uundaji wake ni wa kupendeza kwa wepesi wake. Hewa hushuka kwa bomba la katikati, hufika juu ya oili iliyomo katika bakuli, kisha hulazimika kugeuka ghafla na kupanda. Hewa ni nyepesi na hugeuka. Chembe ya vumbi ni nzito, na kwa kanuni ya kwanza ya Newton huendelea na mwendo wake moja kwa moja hadi ikatumbukia katika oili na kubaki humo. Zile ndogo zilizoponyoka hunaswa na nyuzi za chuma zilizolowa oili hapo juu. Hakuna umeme wala kipuri cha kuagizwa ng'ambo. Kinachohitajika ni mtu wa kulifungua bakuli, katika wakati wa vumbi jingi kila siku, kumwaga oili iliyogeuka tope, kuliosha kwa mafuta ya taa au dizeli, na kutia oili safi hadi kwenye alama. Isizidi alama hiyo, kwa sababu oili iliyozidi huweza kuvutwa na injini. Isipungue, kwa sababu hewa itapita bila kuigusa.

Kazi hiyo huchukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Yamkini hakuna kazi nyingine shambani yenye malipo makubwa kiasi hicho kwa dakika chache namna hiyo, na hakuna inayosahauliwa zaidi. Sababu si uvivu. Dereva aliyeambiwa tu kwamba "osha chujio kila siku" huiona amri hiyo kuwa mojawapo ya amri nyingi za wakubwa, na siku mkubwa asipokuwapo amri nayo haipo. Dereva aliyepiga hesabu ya madarasa sita hawezi kuisahau kwa wepesi.

Maji katika dizeli huleta madhara ya namna hiyo hiyo, ila yamejificha zaidi. Ndani ya pampu ya sindano za dizeli kuna vipande vya chuma vinavyotelezeana kwa nafasi ya elfu chache tu za milimita, navyo hulainishwa na dizeli yenyewe. Tone la maji halilainishi, bali huleta kutu, na kutu katika nafasi hiyo ni sawa na jiwe. Maji hayo aghalabu hayatoki dukani. Tangi likiachwa nusu tupu usiku, hewa iliyomo hupoa, na unyevu wake huganda matone kwenye kuta na kutiririka chini. Hivyo tangi hujazwa jioni, siyo asubuhi, na pipa la dizeli huachwa litulie kabla ya kuchotwa, wala halichotwi hadi chini kabisa. Kila mwanafunzi aliyeona umande kwenye bati la nyumba yao anaijua sayansi hiyo.

Wapo watakaopinga kwa kusema kwamba mafundi hodari wa mitaani, ambao wengi wao hawakumaliza shule, wameyafufua matrekta ambayo wenye vyeti waliyakatia tamaa. Usemi huo ni wa haki, na heshima yao isipunguzwe. Fundi awezaye kutambua kwa sikio beringi iliyolegea, au kutengeneza ufunguo wa pekee kutoka katika chuma chakavu, anao ujuzi ambao haupatikani kwa kusoma. Pia si kila elimu ya shule imeleta faida: wamo wahitimu wawezao kuchora picha ya pampu wasioweza kuifungua bila kupoteza springi zake. Lakini ujuzi usioambatana na sababu una mpaka wake, na mpaka huo huonekana vizuri katika kisa cha thamostati.

Thamostati ni kizibo kidogo kilichofungwa penye njia ya maji baina ya injini na rejeta. Maji yakiwa baridi hujifunga, injini ipate kupasha moto upesi. Yakikaribia nyuzi 80 za Sentigredi hujifungua, maji yaende kupozwa. Injini inapochemsha, fundi hukitoa kizibo hicho na kukitupa, na mara nyingi kuchemsha hukoma au hupungua. Mwenye trekta hufurahi, fundi hulipwa, na desturi huimarika, hata imefika mahali ambapo injini mpya hunyang'anywa thamostati yake kabla ya kuugua, eti kwa kuwa nchi hii ni ya joto.

Kilichotokea ndani hakionekani. Sababu ya kuchemsha, ambayo huenda ilikuwa rejeta iliyozibwa na makapi, mkanda wa feni uliolegea au chumvi iliyoganda katika njia za maji, haijaguswa. Juu ya hayo, injini sasa hufanya kazi ikiwa na baridi isiyoifaa. Dizeli haiungui yote. Ile isiyoungua huosha oili kutoka katika kuta za silinda na kushuka kuichuja oili iliyo chini. Mvuke wa moshi hugeuka maji kwenye chuma baridi, na maji hayo pamoja na salfa iliyomo katika dizeli huwa asidi. Silinda hulika polepole kwa msuguano na kwa kemia pamoja. Baada ya misimu miwili au mitatu ringi zitatakiwa, na hakuna atakayekumbuka kizibo kilichotupwa. Fundi yule hakufanya hila. Alitibu dalili aliyoiona, na hakuna mtu aliyepata kumwonyesha kwamba injini inaweza kuumwa kwa baridi.

Kisa hicho chaingiza suala la kugeuza mitambo, ambalo hupendwa sana na vijana, na kwa haki. Mkulima hawezi kungoja kiwanda cha ng'ambo kimfikirie. Wahunzi wa vijijini wamekuwa wakifua majembe na visu vya plau kutokana na springi za malori, na uchaguzi wao ni mzuri, kwa sababu chuma cha springi kina kaboni ya kutosha kukiwezesha kuwa kigumu kinapopashwa moto mwekundu na kuzamishwa ghafla katika maji au oili, kisha kupashwa tena kidogo ili kisivunjike kama kigae. Trekta dogo la kukokotwa kwa mkono, maarufu kwa jina la pawatila, hufungwa magurudumu ya chuma yenye mabapa ili lisizame wala kuteleza katika majaruba ya mpunga. Injini yake hiyo hiyo baada ya msimu huzungusha pampu ya maji au mashine ya kukoboa. Katika mabadiliko hayo yote aliyebadilisha aweza kueleza nguvu inatoka wapi na inakwenda wapi. Kituo cha CAMARTEC, kilichoundwa Arusha mwaka 1981 kwa ajili ya zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, kipo kwa kazi ya namna hiyo, yaani kubuni na kuzipima zana kabla hazijamfikia mkulima.

Yapo mabadiliko mengine ambayo hayana maelezo, na mojawapo ni la kutisha. Dereva hutakiwa kung'oa kisiki, au kulitoa lori lililokwama. Ndoano ya chini ya trekta imevunjika, au inamsumbua kuifikia, hivyo huufunga mnyororo juu, kwenye sehemu ya kufungia mkono wa kati wa plau, au huchomelea pete ya chuma juu ya ekseli. Halafu huondoa klachi kwa nguvu.

Tuseme trekta lina uzito wa kilo 1,500, nao uzito huo umetulia mita 0.6 mbele ya ekseli ya nyuma. Uzito wa nyutoni 15,000 ukizidishwa kwa mita 0.6 ni momenti ya 9,000, na hiyo ndiyo inayoishikilia pua ya trekta chini. Mnyororo ukivuta kwa nguvu ya nyutoni 10,000 katika kimo cha mita 0.4 kutoka ardhini, momenti inayoiinua pua ni 4,000 tu, na trekta limetulia. Nguvu ile ile ikifungwa katika kimo cha mita 0.9, momenti ni 9,000. Mizani imelingana, magurudumu ya mbele yanaanza kuiaga ardhi, na kisiki bado hakijatikisika. Dereva akiongeza mafuta kidogo, trekta huinuka na kumwangukia kwa nyuma. Tendo hilo huisha katika muda wa chini ya sekunde mbili, yaani kabla mguu haujafika kwenye klachi.

Mtu mmoja aliyelifikiria jambo hilo kwa makini alikuwa Harry Ferguson, fundi kutoka Ireland. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alipewa kazi ya kukagua matrekta yaliyokuwa yakitumiwa huko kwao, akaona kwamba plau ilivutwa nyuma kama tela, na ilipogonga jiwe trekta liliinuka na kuweza kumuua dereva. Hakuongeza chuma ili kulifanya trekta kuwa zito zaidi, kama wengi walivyofanya. Aliiunganisha plau na trekta kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, kwa namna ambayo plau ikigonga kizuizi mkono wa juu husukuma mbele na kuikandamiza pua ya trekta badala ya kuiinua. Trekta lake la TE20, lililoanza kuundwa Coventry mwaka 1946, lilitoka kiwandani kwa idadi ya zaidi ya 500,000 katika muda wa miaka kumi, na mikono yake mitatu sasa imo katika karibu kila trekta la shamba ulimwenguni. Ni ajabu basi, na ni huzuni, kwamba pale pale alipofunga mkono wa kumlinda dereva ndipo mnyororo wa kumuua hufungwa. Sweden iliagiza mwaka 1959 kwamba kila trekta jipya liwe na fremu ya chuma ya kumkinga dereva, na vifo vya kuangukiwa vikapungua sana. Huku kwetu fremu hiyo huonekana mara nyingine imekatwa kwa moto, ili trekta lipite chini ya paa la banda.

Kuna jambo jipya ambalo kizazi cha Ferguson hakikulijua. Mitambo mingi inayoundwa siku hizi huongozwa na kompyuta ndogo zinazopima mafuta, joto na mwendo, na baadhi yake hukataa kuwaka baada ya kipuri kubadilishwa mpaka programu ya mwenye kiwanda iikubali. Huko Marekani wakulima walilalamikia jambo hilo kwa miaka mingi, na mwaka 2023 jimbo la Colorado likapitisha sheria, iliyoanza kutumika Januari 2024, ya kuwalazimisha watengenezaji wa mashine za kilimo kuwapa wakulima na mafundi wa kujitegemea vipuri, vifaa, programu na vitabu vya maelezo vya kutengenezea. Nchi inunuayo mitambo kwa fedha za kigeni ingefaa kuliweka sharti kama hilo katika mkataba wa ununuzi, kabla meli haijang'oa nanga. Kitabu cha matengenezo kilichofasiriwa kwa Kiswahili nacho kingestahili kuhesabiwa kuwa sehemu ya mtambo, sawa na gurudumu.

Lakini kitabu hicho atakisoma nani? Hapo ndipo shule inaporudi. Tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, na baadaye michepuo ya kilimo na ya ufundi katika shule za sekondari, imesemwa mara nyingi kwamba mkono na kichwa vifundishwe pamoja. Kwa kweli katika shule nyingi jembe liliingia kama kazi ya mchana na fizikia ikabaki kuwa kazi ya asubuhi, na viwili hivyo havikupata kukutana. Mtihani huuliza momenti kwa kutumia bembea ya watoto, wala hauulizi mnyororo na kisiki. Huuliza ubadilikaji wa mvuke kwa kutumia chupa ya maabara, wala hauulizi tangi la dizeli lililoachwa tupu usiku. Kubadili maswali hayo hakuhitaji fedha za kigeni, ila mwalimu akubali kwamba mtambo ulio nyuma ya ghala ni chombo cha maabara.

Chombo cha pili cha maabara hiyo ni daftari. Mitambo haizeeki kwa siku bali kwa saa za kazi, na ndiyo sababu trekta lina saa ndogo mbele ya dereva. Daftari lenye tarehe, saa zilizosomwa, oili iliyoongezwa, hali ya bakuli la chujio, na kila kilichoharibika pamoja na sababu iliyodhaniwa, baada ya msimu mmoja huwa limeshaonyesha mambo ambayo hakuna fundi awezaye kuyakumbuka: kwamba oili hupungua zaidi tangu wiki fulani, kwamba beringi ile ile imebadilishwa mara tatu, na kwamba huenda kosa halimo katika beringi bali katika mhimili uliopinda. Pia humsaidia mwenye kuagiza vipuri kujua miezi kadhaa mapema atakachohitaji. Uhaba wa vipuri hupungua kidogo hata kabla ya duka kujengwa.

Shule isiyo na trekta haikosi pa kuanzia. Jirani yake kuna mashine ya kusaga, au pawatila ya kikundi cha wakulima, na mwenye mtambo hatakataa kuoshewa chujio bure. Wasichana na wavulana wa kidato cha tatu, wakiwa na ndoo, mafuta ya taa na spana moja, wanaweza kulifungua bakuli baada ya siku ya kazi, kuichuja oili chafu kwa kitambaa, kuliosha tope lililobaki, kulikausha juani na kulipeleka kwenye mizani ya maabara. Uzito wake utaandikwa daftarini mkabala wa saa za kazi za siku ile. Juma linalofuata, mvua zikiwa zimeanza na ardhi imelowa, utapimwa tena.